Jicho Lililofutwa

Wanawake wa Nanyala walimpenda Jenista Nzowa kwa wepesi wa mkono wake kwenye kompyuta. Uliingia kwake na chunusi zako, na weusi chini ya macho wa kuamkia shamba, ukatoka na bahasha yenye sura uliyokuwa nayo siku ya kipaimara. Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja kando ya barabara kuu, kimepakana na duka la mbolea, na malori ya kwenda Tunduma yalipopita vioo vya fremu vilitetemeka ukutani. Lakini watu walitoka Iyula, walitoka Mlowo, wakapita studio nyingine njiani, wakaja kwake.

Kazi alifundishwa na Kefa Silwimba, mtu wa makamo mwenye studio Tunduma, hatua chache kutoka mpakani. Kwa miaka ishirini Kefa alikuwa amepiga sura za Watanzania na Wazambia, mpaka akawa anajua, kwa kumtazama mtu anavyoketi tu, kama anataka picha ya pasipoti au ya kumpelekea mchumba. Jenista alikaa kwake mwaka mzima. Kefa hakufundisha kwa daftari. Alifundisha kwa kugomba.

"Usikimbilie kamera mpya," alisema siku ya kwanza, Jenista alipouliza anunue ipi. "Chukua iliyotumika, nguvu yako weka kwenye lenzi. Kamera inazeeka kama simu. Lenzi nzuri utamrithisha mwanao."

Siku nyingine alimnyang'anya flashi mkononi. "Hii ni pilipili! Ukiimwaga yote nani atakula? Mkalishe mtu dirishani kwanza."

Na kila siku: "Macho, Jeni, macho! Sikio likikosa ukali utasamehewa. Jicho likikosa, huna picha."

Kwenye kuhariri alikuwa na sheria moja. Kitakachoondoka chenyewe ndani ya wiki mbili, futa: chunusi, mkwaruzo, kipele cha mbu. Kitakachobaki na mtu mpaka kaburini, acha, maana kovu la mtu ni lake. Halafu picha halisi, ile iliyotoka kwenye kamera, usiitupe hata kama ni mbaya. Na kuhusu wateja alisema jambo ambalo Jenista alilishika kuliko yote: "Mteja haambiwi kasoro yake. Kioo anacho kwake. Huku amekuja kupumzika mbali nacho."

Kwa maneno hayo Jenista alifungua studio yake, na kwa miaka mitatu hayakumwangusha.

Siku mambo yalipobadilika ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, mchana, baridi ya Mbozi ikiwa imewafungia watu majumbani. Hakukuwa na mteja. Jenista alikuwa amejifunga kitenge mabegani, anahariri picha za Jumamosi. Zilikuwa za mtoto wa kike aitwaye Ruti, mwenye mwaka mmoja na miezi miwili, aliyeletwa na mama yake Rozi kutoka Iyula. Walikuwa wateja wake wa zamani. Mwezi wa kumi na mbili uliopita yeye ndiye aliyempiga mtoto huyo picha za ubatizo.

Alikuza picha ya kwanza mpaka uso ukajaa kioo cha kompyuta, akaanza na macho kama alivyozoea. Jicho la kulia lilikuwa na ule wekundu wa flashi ambao kila mpiga picha anaujua. Akaufuta. Jicho la kushoto halikuwa jekundu. Katikati, pale pa mboni, palikuwa na weupe. Si kile kinukta cheupe cha taa kinacholipa jicho uhai. Huu ulikuwa weupe uliojaa, kama tone la maziwa lililomwagwa ndani ya kikombe cheusi.

Mkono wake ulishaanza kazi kabla kichwa hakijafikiri. Alichagua kile kifaa cha kunakili, akakipeleka kwenye jicho la kulia achukue weusi wake auweke kushoto. Hapo ndipo kidole kilipogoma.

Aliwahi kuyafanya haya, na aliyafanya kwa mtoto huyuhuyu.

Akafungua picha inayofuata: weupe, jicho la kushoto. Ya tatu, mtoto anacheka, kichwa kimegeuka kidogo, weupe uleule. Ya nne alikuwa amefumba macho, na Jenista akajikuta anashukuru. Ya tano, weupe.

Kisha akafungua kabati, akatoa diski anakoweka picha halisi, akatafuta mwezi wa kumi na mbili. Kwenye ile picha kubwa ya ubatizo, mtoto akiwa na gauni jeupe na kofia ya kufuma, mboni ya kushoto ilikuwa na weupe mdogo, upande mmoja tu, kama ukucha wa mtoto. Akafungua na ile aliyowapa wazazi, iliyokwenda kwenye fremu. Macho yote mawili meusi, yanang'aa, yanafanana kama mapacha. Alikumbuka jinsi alivyoifurahia kazi ile. Aliwahi hata kumwonyesha Kefa, na Kefa akasema, "Hapo umepatia."

Akachukua simu akaandika: mtoto mboni nyeupe kwenye picha. Alisoma mstari wa kwanza, wa pili, na alipofika kwenye neno saratani aliiweka simu kifudifudi juu ya meza, kama mtu aliyeona mdudu. Halafu akaichukua tena akasoma yote. Iliandikwa kwamba inawapata watoto wadogo, kwamba huanzia ndani ya jicho, na kwamba ikiachwa hupita kwenye mshipa ikaenda kichwani. Iliandikwa pia kwamba mara nyingi wa kwanza kuiona ni mtu mwenye kamera.

Nje lori lilipita, fremu zikatetemeka. Jenista aliruka mpaka kiti kikaanguka.

Alimpigia Kefa.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Mbona sauti hivyo?"

Alimweleza. Kefa hakumkatiza hata mara moja, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nyuma yake zilisikika honi za Tunduma na mtu anayenadi vocha za simu kwa Kibemba.

"Sikiliza," Kefa alisema mwishowe. "Kwanza usife kabla hujafa. Kuna wakati mtoto akitazama pembeni flashi inagonga mahali fulani nyuma ya jicho, inarudi nyeupe. Haina maana yoyote. Nimeiona mara nyingi."

"Ziko nne, mwalimu. Na ya Desemba."

"Alikuwa anatazama lenzi?"

"Mbili alikuwa anatazama lenzi. Sawasawa kabisa."

Kefa akauliza: "Utawaambia?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

"Mimi naogopa, Jeni, nisikudanganye. Ukiwaambia na isiwe, watasema umemtabiria mtoto wao kifo, na huko Iyula hutapiga tena hata picha ya mbuzi. Ukiwaambia na ikawa, watauliza ya Desemba ilikuwaje. Na wewe unajua ilikuwaje." Akakohoa. "Ulinionyesha ile picha. Nikakusifu."

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sijasema hivyo. Nimesema naogopa. Nenda kampige tena. Chumba chenye kigiza, mboni zipanuke. Flashi iwe karibu na lenzi. Mfanye akutazame sawasawa, piga nyingi. Zikitoka nyekundu zote mbili, rudi nyumbani, na tusizungumze tena. Ikitoka nyeupe..." Hakumaliza. "Ufunike jicho moja kwa mkono, kisha lingine. Uone anavyofanya."

Asubuhi Jenista alifunga studio, akakodi bodaboda. Njia ya kwenda Iyula ilikuwa na vumbi jekundu lililolowa umande, na pande zote mbili kahawa ilikuwa imeiva. Siku nyingine angesimama apige picha. Siku hiyo alishika begi la kamera kifuani kwa mikono miwili, na kila walipoteremka bondeni aliomba pikipiki iharibike. Haikuharibika.

Alimkuta Rozi kwenye kichanja cha kuanikia kahawa, anachambua mbegu mbovu, mtoto ameketi chini kwenye gunia anachezea sufuria. Rozi alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na mitano hivi, mrefu, mpole wa kusema. Alipomwona mgeni alijifuta mikono kwenye kanga akacheka.

"Heh! Dada Jenista! Picha zimeota miguu?"

"Hazijaisha, mama Ruti. Kuna moja haikunipendeza. Nikasema nije nimpige tena, bure, kosa ni langu."

Uongo ulimtoka kirahisi mpaka ukamtisha. Rozi alifurahi. Akamwosha mtoto uso, akamvika gauni safi, wakaingia sebuleni. Jenista akaomba pazia lishushwe. Ukutani, juu ya kochi, ilikuwa ile picha ya ubatizo kwenye fremu ya dhahabu, na ua la plastiki pembeni yake. Alikaa akiipa mgongo.

"Mshike mapajani. Ruti! Ruti, tazama hapa. Nani huyu? Nani huyu?"

Mtoto akatazama lenzi, kinywa wazi. Flashi ikawaka. Jenista hakushusha macho kwenye kioo cha kamera. Akapiga ya pili, ya tatu, ya sita. Alijua kwamba nyingine zitakosa ukali, akaendelea kupiga kwa sababu alipokuwa anapiga hakulazimika kutazama.

Kisha akatazama.

Jicho la kulia jekundu. La kushoto jeupe, pana kuliko Jumamosi, au hofu ndiyo iliyolipanua.

"Niachie nicheze naye kidogo," alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia ikitoka mbali. Akapiga magoti. Akaweka kiganja juu ya jicho la kushoto la mtoto. Ruti akaendelea kucheka, akanyoosha mkono ashike kamba ya kamera. Akahamisha kiganja, akafunika la kulia. Mtoto akaacha kucheka. Akageuza kichwa huku na huku, akausukuma mkono kwa nguvu, akapiga kelele. Jenista alipouondoa mkono, mtoto akatulia. Alipofunika tena, akalia.

Hakuwa akiona. Jicho la kushoto halikuwa likiona kitu.

"Dada," Rozi alisema taratibu, "unamfanyia nini mwanangu?"

Jenista alibaki amepiga magoti. "Mama Ruti. Umewahi kuona kitu kwenye jicho lake hili?"

Rozi alimvuta mtoto akamkumbatia. Alipoanza kusema alisema kwa sauti ndogo, kama anayeungama.

"Jioni. Tukiwa jikoni, moto ukiwaka, jicho hili linang'aa kama la paka. Nilimwonyesha mama mkwe, akasema ni baraka, mtoto ana taa yake. Lakini mimi niliogopa. Niliogopa sana, dada. Tangu mwezi wa pili nataka kumpeleka hospitali. Siku moja nilishamfunga mgongoni kabisa." Akanyanyua uso kutazama ukutani. "Halafu nikaitazama picha hii. Nikasema, mbona macho yote meusi? Picha haiwezi kudanganya. Nikamfungua mtoto, nikaenda shambani. Na kila nikiogopa, nakuja kuitazama. Inanituliza."

Jenista aligeuza kamera, akamwonyesha Rozi kioo. Picha ya leo. Rozi aliitazama muda mrefu, akaweka mkono mdomoni.

Hapo mume wake akaingia. Emanueli alikuwa ametoka shamba, buti zina udongo, ndoo ya kahawa mkononi. Alimkuta mkewe analia na mpiga picha amepiga magoti sakafuni.

"Kuna nini?"

Rozi akamwonyesha. Emanueli hakuelewa, akaelezwa, akaelewa nusu. Aliitazama kamera, akaitazama flashi iliyokaa juu yake, na uso wake ukabadilika.

"Na hii taa ndiyo uliyommulika nayo?"

"Ndiyo, baba Ruti, lakini..."

"Jumamosi ulimmulika. Leo umekuja tena, umefunga pazia, umemmulika." Akaweka ndoo chini polepole. "Umemchoma mwanangu jicho."

"Flashi haichomi jicho, kaka yangu. Nakuapia."

"Haichomi!" Alikwenda ukutani, akaing'oa ile fremu, ua la plastiki likaanguka. Akaileta mpaka puani kwa Jenista. "Mtazame hapa! Mtazame! Mtoto alikuwa mzima. Macho yote mawili. Nani mwingine amemmulika toka siku hiyo? Nani?"

Sauti ilitoka nje. Majirani wawili waliokuwa wakichuma karibu walishafika mlangoni, wanauliza. Mmoja alikuwa bado ameshika panga la kupogolea. Jenista aliona mlango, akaona watu mlangoni, akaona begi lake lililokuwa upande wa pili wa chumba. Alijua habari za watu walioshikwa ugenini kwa maneno madogo kuliko haya.

"Kuna mzee hapo ng'ambo anatibu macho," jirani mwenye panga alisema. "Moto wa taa unatolewa kwa maji ya majani. Siku tatu tu."

"Ndiyo," Emanueli alisema, akihema. "Tutampeleka huko. Na wewe hutoki hapa, na kamera haitoki, mpaka jicho lirudi."

Rozi alikuwa ameshika picha ya ubatizo sasa, ameipokea mikononi mwa mumewe, anaitazama kama anayeomba. Na Jenista akaona waziwazi yatakayofuata. Maji ya majani siku tatu, kisha tatu nyingine. Mtoto atawekewa dawa, watasubiri, na kitu kile ndani ya jicho kitakuwa kinakua kimyakimya kuelekea kichwani. Na kila wakiingiwa na shaka wataitazama fremu ile, nayo itawaambia ugonjwa ulianza Jumamosi.

"Picha hiyo ni ya uongo," alisema.

Hakuna aliyemsikia. Akasimama, akasema kwa sauti zaidi. "Picha hiyo ni ya uongo! Mimi ndiye niliyeitengeneza. Weupe ulikuwepo toka Desemba. Niliuona, nikadhani ni taa, nikaufuta. Nilichukua jicho la kulia nikalinakili kushoto. Mnalolitazama hapo si jicho lake."

Jenista akatoa simu. Vidole vilikosea namba ya siri mara mbili. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alikuwa ameihamishia picha halisi humo, na mpaka dakika ile hakuwa na hakika kwamba angethubutu kuionyesha. Akaishika mbele yao. Gauni lilelile, kofia ileile ya kufuma, na ule ukucha mweupe kwenye mboni.

"Hii ndiyo iliyotoka kwenye kamera. Alikuwa na miezi saba. Si taa, baba Ruti. Kitu kiko ndani, kinakua. Maji ya majani hayatakifikia. Mnichukulie kamera, mnifanye mtakavyo, lakini mpelekeni mtoto hospitali leo."

Emanueli alinyanyua mkono. Jenista alifumba macho akasubiri. Kofi halikuja. Alipofumbua, Emanueli alikuwa ameushikilia mkono wake mwenyewe kwa mwingine, kama mtu anayezuia mbwa.

Aliyesema alikuwa Rozi. Alikuwa ameiweka fremu kifudifudi juu ya kochi na anamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akikaza fundo.

"Baba Ruti, tafuta pikipiki mbili." Kisha, bila kumtazama Jenista: "Na wewe utakwenda na sisi. Utamwonyesha daktari zote. Ile ya kweli, na hiyo yako."

Walifika hospitali ya Vwawa saa saba mchana. Daktari wa kwanza alimulika jicho kwa kitochi kidogo, akaacha kuzungumza, akaandika barua ya rufaa. Kesho yake walikuwa Mbeya, kwa daktari wa macho, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliangalia muda mrefu. Alipomaliza aliuliza swali ambalo Jenista alikuwa akilisubiri tangu Nanyala.

"Hili mmeliona lini mara ya kwanza?"

Rozi na Emanueli wakamgeukia. Jenista akatoa simu. Daktari alikuza picha ya Desemba, akaiweka kando ya ile ya jana kwenye kamera, akaandika tarehe zote mbili.

"Imenisaidia," alisema. "Sasa najua ugonjwa unavyokimbia." Akavua miwani. "Sitawaficha. Ni uvimbe wa saratani. Jicho hili haliwezi kuokolewa, litatolewa. Tunachogombania ni maisha yake, na bado tuna nafasi."

"Mwezi wa kumi na mbili je?" Rozi aliuliza. "Tungekuja mwezi wa kumi na mbili?"

Daktari alimtazama, akamtazama na Jenista. "Labda lingepona jicho. Labda. Siwezi kuapa."

Neno hilo moja, labda, Jenista alirudi nalo Nanyala. Alilala nalo na kuamka nalo.

Mtoto alipasuliwa wiki ile ile. Kilichobaki kilikuwa kusubiri. Kipande kilipelekwa kupimwa kama ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye mshipa wa jicho. Majibu yangechukua karibu mwezi. Ukiwa umeingia, daktari alisema, habari ni nyingine.

Mwezi ule Jenista hakuhariri kitu. Alifungua studio kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Simu ikilia, moyo ulimpasuka. Isipolia, aliwaza kwamba hawataki kumwambia. Iyula ina masikio, na habari zilifika barabarani zikiwa na sura mbili. Wengine walisema amemloga mtoto kwa taa. Hao walipita mbele ya duka la mbolea wakigeuza uso. Wengine walianza kuja na watoto wao migongoni, hawataki picha, wanataka tu ashushe pazia atazame macho. Hao ndio waliomtisha kuliko wa kwanza.

"Mimi si daktari," aliwaambia kila mara. "Nikiona nyekundu usiseme Jenista amesema mzima. Ukiwa na wasiwasi nenda hospitali, hata kama picha ni nzuri."

Aliwapiga picha. Kila flashi ilipowaka alisimama kidogo kabla ya kutazama kioo. Kefa alikuja siku moja kutoka Tunduma, akaketi kwenye kiti cha wateja saa nzima bila kugomba. Alipoondoka alisema tu, "Nimepitia picha zangu za zamani za watoto. Miaka yote. Sijalala siku nne." Hakusema aliona nini wala Jenista hakuuliza.

Rozi alipiga simu siku ya Alhamisi, karibu na saa nne asubuhi. Studio ilikuwa na mteja, mwalimu mstaafu aliyetaka picha ya kitambulisho. Jenista alitazama jina kwenye simu, akaacha ilie, na mwalimu akamwambia, "Pokea, mwanangu, mimi sina haraka."

Akapokea.

"Haujaingia," Rozi alisema. "Mshipa ni safi. Wamesema safi. Atapata dawa kidogo, na jicho la kulia watakuwa wanalichunguza kila baada ya miezi michache mpaka awe mkubwa. Wakati wowote linaweza nalo kuanza. Lakini leo ni safi."

Jenista aliketi sakafuni palepale, mgongo ukutani. Alilia bila kutoa sauti, asimtishe mzee.

"Uko hapo?"

"Nipo, mama Ruti."

"Nataka nikwambie kitu. Toka siku ile natafuta nafasi ya kukuchukia vizuri. Usiku wa kwanza wodini nilikuwa nayo, halafu mtoto akaamka, anataka maji. Kesho yake dawa. Kesho yake kidonda. Sijaipata mpaka leo." Jenista akasikia mtoto nyuma ya Rozi akigonga kitu cha bati na kupiga kelele za furaha. "Labda nitaipata tukirudi nyumbani. Sijui. Baba Ruti anasema hataki kukuona. Mimi sijasema hivyo."

"Una haki, mama."

"Najua nina haki. Ngoja, anaparamia kitanda." Simu ikakatika.

Jenista alijifuta uso kwa kitenge, akanyanyuka. Mwalimu mstaafu alijifanya anasoma bei za fremu ukutani. Akamsogeza kiti dirishani, akamwomba anyanyue kidevu kidogo. Mzee alikuwa na kovu refu kutoka kwenye nyusi mpaka shavuni, la zamani sana.

"Hili utaniondolea?" aliuliza, akicheka kwa aibu.

"Hapana, mwalimu," Jenista alisema. Akaegemeza kiwiko dirishani ili kamera itulie. "Nitazame hapa."